Kutu inayorudi: mwongozo kamili wa kutibu kutu na kupiga rangi upya bodi ya gari kuukuu nyumbani

Lalamiko linalonifikia kuliko mengine yote ni hili: mtu amekwangua kutu, amejaza puti ya kusawazishia bati, amepuliza rangi, gari limependeza. Miezi michache baadaye malengelenge yametokeza tena, palepale, pengine makubwa kuliko ya mwanzo. Akija kuuliza, swali lake huwa ni la rangi. Abadilishe aina? Atafute ya bei kubwa zaidi?

Ni mara chache sana kosa huwa kwenye rangi. Kazi zilizoharibika nilizozifungua, karibu zote nimekuta mambo matatu chini yake: kutu iliyobaki ndani ya vishimo vya bati, puti iliyofyonza maji, na upande wa nyuma wa bati ambao hakuna aliyeugusa. Mwongozo huu umepangwa kuyazuia hayo matatu. Hatua za bati ni ndefu, za rangi ni fupi, na muda wako nao ugawanye hivyohivyo.

## Kabla ya kushika chochote: kazi hii ni ya nyumbani?

Gari lina ngozi na lina mifupa. Boneti, mfuniko wa buti, madigadi na bati la nje la milango ni ngozi. Hizo unaweza kuzishughulikia mwenyewe.

Chasisi, vizingiti vya chini ya milango, sehemu zinapofungwa springi na shokapu, mahali pa kupigia jeki na mahali iliposhikizwa mikanda ya usalama ni mifupa. Kutu iliyotoboa hapo haijazwi puti na haibandikwi kiraka cha nyuzi za kioo. Bati lililooza linakatwa, linachomelewa jipya la unene unaostahili, na anayechomelea awe fundi anayeijua kazi hiyo. Gari likigongwa, sehemu hizo ndizo zinazomlinda aliye ndani. Puti haibebi uzito wa mtu.

Pima kwa bisibisi butu. Gonga na bonyeza kuzunguka kila lengelenge. Bati zima hulia sauti kavu. Lililooza hulia sauti nzito iliyokufa, au bisibisi inazama. Kisha chukua sumaku, ifunge kwa kitambaa chembamba, ipitishe juu ya bodi. Ikishika kwa unyonge mahali fulani kwenye bati la chuma, hapo kuna puti nene ya ukarabati wa zamani, na inafaa uifungue pia.

Utakachokipata ni kimoja kati ya vitatu: kutu ya juujuu inayotoka kwa msasa, kutu ya vishimo, iliyokula bati lakini haijatoboa, au tundu. Usihukumu kwa ukubwa wa lengelenge. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana huinua rangi, lakini kabla ya kuinua huwa imeshatambaa chini yake pande zote. Lengelenge la ukubwa wa ukucha hufunguka likawa eneo la kiganja. Hilo ni jambo la kawaida, usiogope.

## Vifaa

Kusanya vyote kwanza. Kazi hii ina hatua ambazo ukisimama katikati kwenda kutafuta kitu, unaanza upya.

- Kinga: miwani inayofunga macho pande zote, glavu za nitraili, viziba masikio, barakoa nzuri ya vumbi, na barakoa ya vichujio vya mkaa kwa mvuke wa rangi.
- Kukwangua: grenda ndogo, diski ya msasa, diski ya nailoni ya kuondolea rangi, brashi ya waya, na kitu chenye ncha kali cha kuchimbua vishimo.
- Msasa: namba 80, 120, 180, 400, 600, 800, 1500 na 2000. Pamoja nao, kibao cha kushikia msasa, kigumu kwa uso bapa na laini kwa uso wa mviringo.
- Usafi: kisafisha mafuta na nta kinachotengenezwa kwa kazi ya rangi, na vitambaa vingi visivyotoa nyuzi. Petroli na dizeli hazifai, huacha mafuta yake mwenyewe.
- Kufunika bati: praima ya epoksi (rangi ya chini inayoziba bati) yenye hadena yake (kemikali ya kuigandisha), na gundi ya kuzibia maungio ya bodi.
- Kusawazisha: puti ya kuchanganywa na hadena, puti laini ya kumalizia, visu vya plastiki, na praima nzito ya kujaza.
- Rangi: rangi ya msingi ya namba ya gari lako, na klia, ile ya juu isiyo na rangi inayoleta mng'ao.
- Kuzibia: masking tepu ya magari na karatasi nzito au plastiki. Gazeti huvujisha tina (kiyeyusho cha rangi) na wino wake hushika kwenye rangi.
- Kumalizia: kompaundi ya polishi, na nta ya kulinda uwazi wa ndani, ile inayokuja na mrija mrefu.

Namba ya rangi huwa kwenye kibati au karatasi ndogo iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango, ndani ya boneti au ukutani mwa chumba cha injini. Hata ukiipata, gari kuukuu limepauka kwa jua. Rangi ya namba sahihi inaweza kutofautiana na ile iliyobaki. Ndiyo maana kuna jaribio la kadi huko mbele, na usiliruke.

## Onyo ambalo naomba ulisome mara mbili

Klia, rangi na praima nyingi za kujaza zinazochanganywa na hadena hubeba isosianeti. Ni kemikali inayoweza kukupa pumu ya kudumu, na mtu aliyekwisha kuathirika anaweza kubanwa kifua hata kwa kiasi kidogo sana baadaye. Barakoa ya mkaa haikupi usalama wa kutegemea hapa, kwa sababu harufu haikuonyi mapema na huwezi kujua kichujio kimechoka saa ngapi. Karakana zinazofanya kazi hii ipasavyo hutumia barakoa inayolishwa hewa safi kwa bomba. Makopo ya kupuliza yenye hadena ndani, yale ya kubonyeza kitufe chini kabla ya kutumia, nayo yamo humohumo.

Msimamo wangu uko wazi. Nyumbani tumia praima ya kujaza, rangi na klia zisizo na hadena. Ubaya wake ni kwamba klia hiyo ni laini zaidi na haivumilii petroli vizuri, basi ukihitaji ile ngumu, fanya mwenyewe kila kitu hadi mwisho wa praima, halafu peleka paneli kwa wenye vifaa. Kazi kubwa utakuwa umeshaimaliza.

Praima ya epoksi kwa kawaida hadena yake ni ya aina nyingine, lakini husumbua ngozi na mapafu vilevile, na si makopo yote yanafanana. Soma kopo. Vaa glavu na barakoa ya mkaa, fanyia kazi penye hewa inayopita, na usiruhusu mtoto kusogea. Mahali palipo na mvuke wa rangi, moto na cheche haviruhusiwi.

## Hatua ya 1: Chagua siku, na chagua paneli moja

Joto la nyuzi 15 hadi 25 linafaa, kivulini, siku isiyo na mvua wala unyevu mzito. Bati likiwa la baridi kuliko hewa hutoa jasho usiloliona, na praima inakaa juu ya maji.

Sheria moja hapa: usifungue bati ambalo hutalifunika siku hiyohiyo. Chuma kilichovuliwa huanza kushika kutu ndani ya saa chache hewa ikiwa na unyevu, hata kama jicho halioni. Kwa hiyo shughulikia paneli moja hadi praima, ndipo uende nyingine. Anayevua gari zima Jumamosi ili apige praima Jumamosi inayofuata amejitengenezea kutu mpya kila mahali.

## Hatua ya 2: Osha, ondoa mafuta, vua

Osha kwa maji na sabuni, suuza, kausha. Kisha futa kwa kisafisha mafuta kabla ya kugusa msasa. Watu wengi hupindua mpangilio huu. Nta na silikoni za polishi za zamani zikiwa bado juu ya rangi, msasa huzisukuma ndani ya mikwaruzo, na baadaye rangi inajikunja na kuacha vijishimo vya duara.

Kufuta kuna namna yake. Kitambaa cha kwanza kimelowa, kinayeyusha. Cha pili kikavu, kinaondoa kabla dawa haijakauka. Ukiacha ikauke yenyewe, mafuta yanabaki palepale, umeyatandaza tu.

Vua mapambo, raba, taa na vishikizo. Kuvizungushia tepu ni rahisi zaidi, lakini kutu hupenda kuanzia chini yake. Kwa mlango, toa na bitana ya ndani uone mgongo wa bati. Tafuta matundu madogo kwenye ukingo wa chini wa mlango au kizingiti. Hayo ni ya kutolea maji. Ukiyakuta yameziba kwa matope, umekipata chanzo cha kutu yako. Yazibue sasa.

Funika vioo kwa kitambaa kizito. Cheche za grenda huingia kwenye kioo zikaacha nukta ambazo hazitoki. Kama kutakuwa na kuchomelea, betri ifunguliwe, na tangi la mafuta, mipira na sponji za ndani ziangaliwe kwanza.

## Hatua ya 3: Fikia bati zima

Hapa ndipo kazi yote inapoamuliwa. Kama una nguvu za siku moja tu, zitumie hapa.

Anza kwa diski ya nailoni au msasa wa 80, toa rangi na kutu kuzunguka eneo lote. Endelea hadi sentimita 3 hadi 5 nje ya mahali ulipoiona kutu ya mwisho. Ukingo wa rangi ukiinuka wenyewe unapoukwangua kwa kisu, bado kuna kutu chini yake, songa mbele. Unasimama pale tu rangi iliposhika bati kwa uhakika.

Tahadhari na brashi ya waya. Ikitumika peke yake huisugua kutu ikang'aa, ikawa na rangi ya kahawia iliyoiva inayofanana na chuma safi. Mtu anaangalia, anaridhika, anapiga praima. Brashi ni ya kutoa magamba tu. Baada yake lazima msasa upite.

Tahadhari na joto pia. Bati la nje la gari lina unene usiofika milimita 1. Grenda ikikaa mahali pamoja, bati linapata moto, linatanuka, na likipoa limejikunja. Boneti iliyojikunja ni kazi ngumu kuliko kutu uliyoanza nayo. Sogeza grenda muda wote, na kila baada ya muda weka kiganja karibu. Pakiwa pa moto wa kukuondoa mkono, pumzika.

Rangi za magari ya zamani sana zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Barakoa isitoke usoni, vumbi lisiingie ndani ya nyumba, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Sasa vishimo. Bati likishang'aa utaona nukta nyeusi. Hizo si madoa. Kila nukta ni kishimo chenye kutu hai chini yake. Chimbua kwa ncha kali, pitisha tena msasa, angalia kwa tochi ukiilaza pembeni ili kivuli kikuonyeshe. Hatua hii inachosha na inachukua saa, nami sijapata njia ya mkato inayofanya kazi, isipokuwa kupuliza mchanga kwa kompresa kwa aliye na kifaa hicho.

Tundu likijitokeza: kata hadi bati zima, usiache ukingo uliolika. Kuchomelea kiraka cha chuma ndiyo dawa. Fundi achome nukta moja huku, nyingine kule, ili joto lisikusanyike. Kiraka cha nyuzi za kioo na gundi kwenye ngozi ya gari kinaweza kukuvusha, lakini kichukulie kuwa cha muda. Maji huingia kwa nyuma, kati ya kiraka na bati, na kutu huendelea humo bila wewe kuona.

Umefaulu ikiwa: eneo lote lina rangi moja ya fedha au kijivu, halina nukta nyeusi wala kivuli cha kahawia, na ukingo wa rangi ya zamani umelainishwa kwa 180 hadi kidole kikipita kisihisi ngazi.

## Hatua ya 4: Kibadili kutu, pale tu inapobidi

Dawa hizi hutumia asidi ya fosforiki au ya tanini, na hugeuza mabaki ya kutu kuwa kitu kigumu kisichoendelea kula chuma. Zinasaidia ndani ya vishimo ambavyo ncha haikufika. Hazisaidii juu ya magamba ya kutu, maana hugeuza ngozi ya juu tu na chini kunabaki kama kulivyokuwa.

Paka palipo na kishimo tu, subiri muda ulioandikwa, kisha suuza au futa kama kopo linavyoagiza na kausha kabisa kwa hewa ya moto. Asidi iliyobaki huzuia epoksi isishike. Baadhi ya watengenezaji wa epoksi hawataki kabisa itumike juu ya dawa ya asidi, kwa hiyo soma makopo yote mawili kabla ya kufungua lolote. Bati likishang'aa lote, mimi naruka hatua hii.

## Hatua ya 5: Epoksi kwanza, puti baadaye

Wapo mafundi wazuri wanaopaka puti moja kwa moja juu ya bati, na puti nyingi zimetengenezwa kuvumilia hivyo. Kwa gari kuukuu lililokwisha kuonyesha kutu, mimi nafunika bati kwa epoksi kwanza. Puti hufyonza unyevu. Kukiwa na ufa wowote baadaye, maji yakipita kwenye puti yanagota kwenye epoksi badala ya kufika kwenye chuma. Praima ya kawaida ya kopo haifanyi kazi hiyo. Ina vinyweleo, hupitisha maji kama udongo.

Usitumie praima ya asidi chini ya puti. Puti haishiki vizuri juu yake na baada ya muda huachia.

Bati likiwa na mikwaruzo ya msasa wa 80 hadi 180, futa kwa vitambaa viwili, na kuanzia hapo usiliguse bila glavu. Changanya epoksi kwa kipimo cha kopo, tena kwa kikombe chenye mistari, si kwa jicho. Nyingine hutaka kuachwa dakika kadhaa baada ya kuchanganywa. Piga mikono miwili, yaani tabaka mbili, ukiacha kati yake muda ulioandikwa, na ipite kidogo juu ya rangi ya zamani uliyoilainisha. Huna kompresa? Kwa eneo dogo epoksi inapakwa kwa brashi laini. Itapigwa msasa baadaye.

Kopo litakuambia una saa ngapi za kupaka kitu juu bila kukwaruza. Ukizipitisha, kwaruza kwanza. Maungio ya bati, hasa ukingo wa chini wa mlango ulipokunjwa, yazibe kwa gundi ya maungio juu ya epoksi, lakini usizibe matundu ya maji.

Umefaulu ikiwa: huoni chuma popote, na siku ya pili ukucha hauchimbi.

## Hatua ya 6: Puti

Mlango wa kwanza niliowahi kutengeneza niliujaza puti ya unene wa kidole, nikaisugua kwa msasa na maji kwa sababu maji hupunguza vumbi. Ulipendeza. Mvua za kwanza zilipopita, kipande kizima kiliachia kikiwa kimoja kama kigae, na mgongo wake ulikuwa mwekundu kwa kutu. Makosa yote mawili yalikuwa yangu, na ndiyo ninayoyaona kwa wengine hadi leo.

Unene. Baada ya kusugua, puti isizidi milimita 3 hivi. Bonde likiwa la kina zaidi, bati linyooshwe kwanza kwa nyundo na kibao kwa nyuma. Puti ni ya kumalizia uso.

Kuchanganya. Kipimo cha kawaida ni gramu 2 za hadena kwa gramu 100 za puti. Fuata kopo lako, na tumia mizani ya jikoni mara chache za kwanza hadi jicho lizoee. Hadena ikizidi, puti haiwi ngumu zaidi. Inayozidi hupanda juu na kutia doa kwenye rangi. Ikipungua, puti inabaki laini na kunata. Changanya kwenye kioo au plastiki bapa kwa kukunja na kubonyeza, usikoroge kama uji, maana unaingiza hewa na kila povu litakuwa tundu. Boksi la karatasi lisitumike, linanyonya gundi ya puti. Rangi ikiwa moja bila mistari, paka mara moja; una dakika 3 hadi 5, pungufu siku ya joto.

Kupaka. Mkono wa kwanza ni mwembamba na umebonyezwa kwa nguvu ili uingie kwenye mikwaruzo. Ya juu yake ijaze, ipite kidogo nje ya bonde. Kuna puti inaanza kushika kisuni? Itupe. Kuilazimisha ni kupanda mashimo.

Kusugua. Baada ya dakika 20 hadi 30, ikitoa unga mweupe mkavu badala ya kuziba msasa, anza. Tumia kibao siku zote, kwa mshazari, ukibadilisha uelekeo. Vidole hufuata mabonde na kuyaongeza. Anza na 80, kisha 120, kisha 180. Kavu. Maji yasiguse puti katika hatua yoyote. Ikiwa mvua itakupata, gari liingie ndani au paneli ifunikwe.

Jicho hudanganya kwenye uso usiong'aa, kiganja hakidanganyi. Weka kitambaa chembamba chini ya kiganja, tembeza mkono mrefu kutoka bati zima hadi puti hadi bati zima. Unachokihisi kwa mkono kitaonekana kwa klia mara mbili. Vitundu vidogo vijazwe kwa puti laini, na mahali msasa ulipofikia chuma, gusia epoksi tena.

Umefaulu ikiwa: ukifumba macho, mkono haujui puti inaanzia wapi.

## Hatua ya 7: Praima ya kujaza

Futa vumbi kwa hewa na kitambaa cha kunata, kisha kisafisha mafuta kwa kitambaa kilichokamuliwa, kisilowe juu ya puti. Piga mikono 2 au 3, kila mmoja upite nje kidogo ya ule uliotangulia ili usiache ukuta ukingoni.

Kisha acha. Praima ambayo tina yake haijatoka huendelea kunywea chini ya rangi, na wiki kadhaa baadaye mikwaruzo ya msasa inajitokeza kwenye klia. Usiku mzima ni kiasi cha chini. Kukiwa na baridi, zaidi.

Ikikauka, puliza vumbi jepesi la rangi nyeusi juu yake, kama ukungu tu. Sugua kwa kibao na 400. Nyeusi inayobaki inaonyesha bonde. Praima ikiisha haraka inaonyesha mlima. Wengi huiona hatua hii kuwa ya urembo, lakini ndiyo inayotofautisha kazi ya nyumbani inayoonekana ya nyumbani na ile isiyoonekana. Malizia kwa 600. Hapa maji kidogo yanaruhusiwa ikiwa puti imefunikwa yote. Ukitoboa ukafika puti au chuma, acha maji, kausha, rudia praima hapo.

Sehemu ya paneli yenye rangi ya zamani nayo ikwaruzwe kwa 600 hadi 800, hadi mng'ao wote ufe. Rangi haishiki kwenye uso unaong'aa.

## Hatua ya 8: Rangi na klia

Jaribio la kadi. Puliza rangi kwenye kadi, ikikauka weka klia, kisha ilaze juu ya gari kivulini na tena nje mchana. Rangi ya msingi bila klia hudanganya, kwa hiyo usiihukumu hivyo. Ikitofautiana sana, warudie waliochanganya, na uwapelekee kitu kidogo kutoka kwenye gari, kwa mfano kifuniko cha tundu la mafuta.

Tepu. Usijaribu kuifichia klia katikati ya paneli. Rangi ya msingi unaweza kuififisha karibu na ukarabati, lakini klia ivike paneli yote hadi kwenye ukingo wake wa asili. Mpaka ukilazimika kuwa wazi, kunja tepu nyuma ili ukingo wake uinuke. Itaacha mstari laini badala ya ngazi.

Nyunyiza maji kidogo sakafuni vumbi litulie, lakini mbali na paneli. Tikisa kopo dakika 2 au 3 baada ya gololi ya ndani kuanza kulia. Kopo baridi lipashwe kwenye maji ya vuguvugu, kamwe si ya moto, na kamwe si juu ya jiko.

Mkono. Umbali ni sentimita 20 hadi 25 kwa kopo, 15 hadi 20 kwa bunduki ya kompresa. Mkono uende sambamba na bati, usizunguke kwenye kiwiko. Anza kupuliza kabla ya ukingo, achia baada ya kuupita. Kila mstari ufunike nusu ya uliotangulia.

Mkono wa kwanza ni ukungu tu. Praima itaonekana na ni sawa. Subiri dakika 5 hadi 10. Endelea mikono miepesi 3 au 4 hadi praima ipotee. Rangi ya metaliki imalizie kwa mkono mmoja mwepesi kutoka mbali kidogo ili chembe zake zilale sawa, vinginevyo utapata mabaka ya giza na mwanga.

Vikitokea vijishimo vya duara, simama. Kuna mafuta au silikoni chini, na kuongeza rangi hakuvizibi. Acha ikauke, sugua, futa, rudia. Michirizi nayo usiiguse ikiwa mbichi. Ikikauka, isawazishe kwa 800 na kibao kidogo, upulize tena.

Klia iwekwe ndani ya muda ulioandikwa kwenye kopo la rangi. Usisugue rangi ya metaliki kabla yake. Mkono wa kwanza uwe mwepesi wa kushika, wa pili na wa tatu viwe na unyevu wa kutosha uone uso unajilaza wenyewe. Angalia mwanga ukiakisiwa, usiangalie bati. Toa tepu wakati mkono wa mwisho ungali laini, ukiikunja juu yake yenyewe na kuivuta mbali na rangi.

## Hatua ya 9: Polishi

Klia isiyo na hadena ipe wiki moja au zaidi. Vumbi lililonasa na uso wenye vinundu kama ganda la chungwa husawazishwa kwa 1500 na maji ya sabuni, kisha 2000, kisha kompaundi. Kaa mbali na kingo na mikunjo, hapo klia ni nyembamba na hutoboka haraka. Uso ukiwa umetoka mzuri, usiuguse. Nta ya kung'arisha isubiri mwezi mzima au zaidi, rangi bado inatoa tina.

## Hatua ya 10: Mgongo wa bati

Hii nimeiweka mwisho kwa sababu nta ikifika mapema huharibu rangi, si kwa sababu haina uzito. Ukarabati usiofika hapa umelinda upande mmoja tu wa bati lenye pande mbili.

Kwa ndani, palipofikika, kwangua kutu na paka epoksi kwa brashi. Pasipofikika, ingiza mrija mrefu wa nta kupitia matundu ya kutolea maji au matundu yaliyofunikwa na vizibo vya raba, usukume hadi mwisho, kisha uuvute polepole huku ukipuliza. Unyevu wa ndani uwe umekauka kabisa kwanza, siku kadhaa za jua milango ikiwa wazi zinasaidia. Endelea hadi uone nta inachungulia kwenye maungio ya chini. Futa inayodondokea kwenye rangi.

Nta ikiganda, pitisha waya mwembamba kwenye kila tundu la maji. Kisha mwaga kikombe cha maji taratibu kwenye raba ya kioo cha mlango na uangalie chini. Maji yatoke ndani ya sekunde chache. Yasipotoka, kuna tundu limezibwa na nta uliyoiweka. Lizibue na ujaribu tena kabla gari halijatoka.